Tulimzoea PC

Hamjambo wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliokosa viti. Sitawachelewesha, wingu lile la Menengai mnaliona.

Waliokulia Nakuru enzi za mkoa wanamkumbuka PC, yaani mkuu wa mkoa. Ofisi yake ilikuwa papa hapa mjini, na Rift Valley yote, hadi Turkana kule, ilitazama huku. Hakupigiwa kura: aliteuliwa na rais, akahamishwa na rais. Chini yake DC wa wilaya, DO wa tarafa, chifu na naibu wake.

Wengi hawajui kwamba kulikuwa na bunge kabla. Katiba ya 1963 iligawa nchi kwa majimbo, kila jimbo na bunge lake, na rais wa bunge la Rift Valley alikuwa Daniel arap Moi. Kufikia mwisho wa 1964 mabunge hayo yalikuwa yameng'olewa meno. Moi huyo huyo akaja kutawala nchi miaka 24 kwa mkono wa ma-PC! Siasa hizi.

Katiba ya 2010 imeturudishia bunge, safari hii la kaunti. Nakuru tuna wadi 55. Lakini mazoea yana taabu: zahanati ikikosa dawa, bado tunamkimbilia chifu. Chifu ni wa serikali kuu, atakupa pole tu. Zahanati, soko, chekechea na barabara ya mtaani ni kazi ya kaunti, na anayepaswa kuibana kaunti ni mwakilishi wenu wa wadi. Msimngoje matangani. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na hupitishwa kufikia Juni 30. Miezi hiyo miwili ndiyo ya kumsumbua.

Mwaka jana nilikaa kwenye kikao cha kutoa maoni. Tuligawiwa kitabu kinene cha Kiingereza, herufi kama mchwa. Mama mmoja muuza mboga alikipekua ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea juu ya tarakimu, kisha akainua mkono: "Choo cha soko letu kiko wapi humu?" Afisa akatafuta, akatafuta tena. Hakikuwemo. Akachomoa kalamu, akakiandika pembeni.

"Andika na ufunguo," mama akamwambia. "Kile cha kwanza mlikijenga mkakifunga."