Umbo la Kichaka Husomwa Shinani na Nchani

(Mhadhara uliotolewa mbele ya watunza bustani na walimu wa elimu ya viumbe)

Ndugu zangu, naomba nianze na tatizo la lugha, kwa sababu linatuvuruga hata kabla hatujaifikia mimea yenyewe. Kiswahili kina mti, kina nyasi na kina gugu, lakini mmea mmoja wenye mashina kadhaa magumu yanayotoka pamoja ardhini hauna jina lake peke yake. Tunauita kichaka, na neno hilohilo tunalitumia kwa msongamano wa mimea ya kila namna ambamo nyoka hujificha. Leo nikisema kichaka, nakusudia mmea mmoja tu.

Kuigawa mimea kwa umbo lake ni kazi kongwe. Theophrastus, Mgiriki aliyemrithi Aristotle katika shule yake, aliitenga katika mafungu manne: miti, vichaka, vichaka vidogo na mimea isiyo na mbao. Mti kwake ulikuwa ule unaoinuka kutoka mzizini kwa shina moja, na kichaka ni kile kinachotoa matawi mengi tangu mzizini. Hata hivyo alionya mwenyewe kwamba mafungu hayo yanaingiliana, na kwamba mmea ukitunzwa na mkono wa mtu huweza kubadili sura. Mgawanyo wa miti na mimea mingine uliendelea kuheshimiwa na wataalamu kwa karne nyingi, mpaka Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoichapisha kazi yake ya mwaka 1735 na kuipanga mimea yenye maua kwa idadi na mpangilio wa stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Mpango huo uliwarahisishia watu kuutambua mmea na kuupa jina, lakini haumwambii mtunza bustani apitishe mkasi wapi.

Wengi wetu tulifundishwa kutumia urefu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa mfano, huhesabu kuwa kichaka mmea wa mbao ambao ukikomaa huwa kati ya nusu mita na mita 5, bila taji (kilele cha matawi na majani) lililo dhahiri. Kipimo hicho kinamfaa anayehesabu misitu, lakini bustanini ni kipimo dhaifu kuliko vyote. Mhina unaokatwa mara kwa mara ili uwe uzio hubaki usawa wa kiuno miaka nenda miaka rudi. Mhina huohuo ukiachwa huweza kupita mita 5, na hakuna kilichobadilika ndani yake ila panga limepumzika. Mdenmaki Christen Raunkiær, mtaalamu wa mimea aliyeueleza mpango wake wa kuigawa mimea mwanzoni mwa karne ya 20, aliligusa jambo lenyewe kwa karibu zaidi alipouliza chipukizi la kuendeleza maisha ya mmea linakaa wapi wakati wa shida, iwe baridi au ukame. Swali lake lilihusu mahali pa uhai mpya, na hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Mimi hukitazama kichaka chochote kwa maswali mawili. Je, shina jipya linazaliwa wapi? Na je, ua linatokea mwishoni mwa tawi, au kwenye kwapa la jani, yaani pembe iliyo kati ya jani na tawi, huku tawi likiendelea kurefuka?

Chukueni mbuni, ambao watu wengi huuona kama zao na kusahau kwamba ni kichaka chenye maua meupe yanayonukia karibu kama asumini. Mbuni una matawi ya aina mbili yasiyobadilishana kazi. Shina la kati huelekea juu na kazi yake ni kupanda. Matawi ya pembeni hulala, na hayo ndiyo yanayobeba maua, katika makwapa ya majani, zaidi kwenye sehemu ya tawi iliyoota msimu uliotangulia. Kifundo, yaani mahali pa tawi majani yanapoota, kilichokwisha kuzaa kwa kawaida hakizai tena, ndiyo maana mavuno husogea kila mwaka kuelekea nchani, na mkulima asiyepogoa hujikuta na matawi marefu yaliyo matupu karibu na shina.

Jambo la ajabu zaidi ni hili. Ukikata kipande cha tawi la pembeni ukakiotesha mizizi, utapata mmea unaotambaa kwa ubavu, usiokumbuka kabisa namna ya kusimama. Anayetaka mche ulionyooka lazima achukue kipande kutoka kwenye chipukizi lililosimama. Kwa hiyo umbo la mbuni limeandikwa ndani ya kila tawi, na tawi halisahau lilikotoka. Vilevile, ukikata shina kuu chini, machipukizi yaliyosimama huibuka kutoka kwenye kisiki, na mkulima huchagua mawili au matatu ya kuyakuza. Hapo mmea uliokuwa na sura ya mti mdogo umegeuka kichaka cha mashina mengi, na ungali mbuni uleule.

Mfaransa Francis Hallé na Mholanzi Roelof Oldeman, walioanza kuchapisha utafiti wao mwaka 1970, waliipanga miti ya tropiki kwa njia ya namna hii, wakifuata jinsi mmea unavyojijenga badala ya sura unayoonekana nayo siku moja. Orodha iliyozoeleka ina miundo 23. Sitawachosha nayo yote. Nautaja mmoja tu kwa sababu mnauona kila siku kwenye nyua za pwani, nao ni ule wa plumeria. Kila tawi lake huishia kwenye shada la maua, na likishafika hapo haliwezi kuendelea. Chini ya shada huchomoza matawi mapya yanayolingana, nayo yakafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana plumeria iliyoachwa bila majani wakati wa kiangazi hufanana na pembe za kulungu. Ukitaka kujua imechanua mara ngapi kwenye njia moja, hesabu magawanyiko.

Wapo pia wasiojitegemea. Asumini hana vikono vya kushikia wala miiba ya kujitundikia. Hurusha matawi malegevu yanayoegemea chochote kilicho karibu, na maua yake hukaa mwishoni mwa machipukizi machanga. Akina mama wanaochuma vitumba alasiri, kabla havijafunguka jioni, wanajua kwamba asumini aliyepunguzwa hutoa vitumba vingi kuliko aliyeachwa azeeke.

Bogonvilia ndiyo hunipa kazi kubwa zaidi ya kuieleza. Penye ukuta huwa mmea wa kupanda, penye uwanja wazi hujirundika kama kichuguu, na mikononi mwa mtunza bustani mvumilivu husimama kwa shina moja kama mti. Ukiipanga kwa sura, utaiweka katika mafungu matatu. Ukiipanga kwa tabia, ni moja tu: hutoa matawi marefu yanayopinda, yenye mwiba kwenye kwapa la jani, na mwiba huo ni kichipukizi kilichogeuka kuwa chombo cha kujishikiza. Kile tunachokiita ua lake, chenye zambarau au nyekundu, ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni vijibomba vidogo vyeupe vilivyo katikati.

Nimeacha mkilua mwisho kwa upendeleo, nakiri. Kichaka hiki cha pwani ya Kenya na Tanzania, ndugu wa mstafeli na mtopetope, kilipopewa jina la kisayansi na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt mwaka 1970 kiliitwa Mkilua fragrans, yaani jenasi nzima (kundi linalotajwa na neno la kwanza la jina la kisayansi) ikabeba neno la Kiswahili pamoja na kiambishi chake cha m-. Jina la ua, kilua, likabaki kwa wanaolivaa. Hata wataalamu huueleza kuwa kichaka au mti mdogo, bila kuchagua, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Sasa tutoke nje. Bogonvilia ya langoni ilikatwa wiki chache zilizopita, machipukizi yameshatokeza, na nataka kila mmoja anionyeshe kwa kidole ni yapi yatakayochanua na ni yapi yatakayobaki miiba.