Graham, Kansas: Kaunti Iliyochorwa Kabla ya Kupata Serikali

Ndugu wasikilizaji, Kaunti ya Graham iko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani. Kwenye ramani ni mraba wa takriban maili 30 kila upande. Bunge la jimbo liliichora mwaka 1867, likaipa jina la kapteni aliyeuawa katika mapigano ya Chickamauga mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Serikali yake ilikuja 1880. Katika ile miaka 13 ya katikati ndimo walimoingia watu ninaotaka tuwazungumzie.

Wapima ardhi walitangulia. Walitumia mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja. Waliikata nchi katika miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba seksheni 36, kila seksheni ekari 640. Robo ya seksheni, yaani ekari 160, ndiyo aliyoweza kuandikishiwa mlowezi kwa sheria ya mwaka 1862: akae miaka 5, ajenge, alime, ndipo apewe hati. Tatizo lilikuwa alama za pembe. Miti ni adimu kule, hivyo pembe iliwekewa jiwe, au nguzo iliyozungushiwa udongo. Moto wa nyika ukipita, nguzo imekwenda, na mgeni hajui shamba lake linaanzia wapi. Hapo ndipo dalali wa ardhi alipojipatia riziki.

Dalali mmojawapo, W. R. Hill, Mzungu, alishirikiana na Mchungaji W. H. Smith, Mmarekani Mweusi, wakaanzisha kampuni ya mji wa Nicodemus mwaka 1877. Matangazo yalisambazwa Kentucky kwa watu waliotoka utumwani miaka kumi na kitu tu iliyopita. Septemba hiyo zaidi ya 300 walishuka kwenye treni kituo cha Ellis, wakatembea kama maili 35. Msimu wa kupanda ulikuwa umepita na farasi walikuwa wachache mno, kwa hiyo ardhi ilivunjwa kwa koleo na jembe la mkono. Nyumba zilichimbwa ubavuni mwa mwinuko na kuezekwa kwa fito, vichaka na udongo. Paa la namna hiyo mvua ikikatika nje, ndani bado linadondosha. Willianna Hickman, aliyefika 1878, alionyeshwa mji akaona moshi tu ukitoka ardhini, akalia. Familia kadhaa ziligeuza njia. Waliobaki walivuka majira ya baridi kwa msaada wa nyama ya Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi mawindoni, na hilo lisisahaulike.

Tarehe 1 Aprili 1880 Gavana John St. John aliiundia kaunti serikali. Wakenya mtazame tofauti: kaunti ya Kansas haina gavana wake, inaongozwa na makamishna. Makao makuu ya muda yakawa Millbrook, na karani wa muda Edward McCabe wa Nicodemus. Msiudharau ukarani huo. Karani ndiye mwenye kumbukumbu za vikao na orodha ya kodi, na kodi yenyewe ilikuwa mtihani: shamba lisilo na hati bado ni mali ya serikali kuu, halitozwi, hivyo kaunti changa ilitegemea zaidi mifugo na vyombo vya watu. McCabe alichaguliwa kwa kura 1881, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima.

Kilichoamua mji upi uishi ni reli. Mwaka 1887 Nicodemus walipiga kura kutoa hati za mkopo za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya reli ya Missouri Pacific. Haikuja. Union Pacific, kampuni nyingine ya reli, ilipita kusini ya mto Solomon mwaka 1888, na wafanyabiashara wakahamia Bogue, ng'ambo. Millbrook nayo ilikuwa imepigwa na kimbunga 1887. Makao makuu yakahamia Hill City, mji wenye jina la yule dalali, na yako huko hadi leo. Nicodemus ilipungua bila kufa. Tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa lenye majengo matano: makanisa mawili, hoteli, shule na ukumbi wa mji.