Barua ya Rais Haimwondoi Mwanabodi

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa vyama, mabibi na mabwana, hamjambo.

Swali nililopewa ni hili: rais wa chama aweza kumfuta mwanabodi peke yake? Hawezi, isipokuwa katiba ya chama imempa uwezo huo waziwazi. Nasema waziwazi kwa sababu wengi wetu tukiona barua yenye mhuri, tunadhani mambo yamekwisha.

Uliza kwanza mwanabodi huyu aliwekwa na nani. Kama alichaguliwa na mkutano mkuu, uwezo wa kumwondoa uko huko huko mkutanoni. Rais naye kachaguliwa na watu hao hao. Kuongoza vikao hakumfanyi mwajiri wa wenzake.

Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 imelieleza jambo hili vizuri, nayo inawahusu pia mliosajili shirika lenu kama kampuni yenye dhamana, ile isiyo na hisa, ambayo wanachama huahidi tu kiasi watakachochangia ikivunjwa. Kifungu cha 139 kinaruhusu mkurugenzi (ndivyo sheria inavyomwita mwanabodi wa kampuni) aondolewe kabla ya muda wake kwisha kwa azimio la kawaida, yaani kura zaidi ya nusu. Lakini ni lazima mkutano ukae, na notisi maalumu ya siku 28 itangulie. Kifungu cha 140 kinamlinda mhusika: apewe nakala ya notisi, aweze kuandika utetezi wake, na asikilizwe mkutanoni.

Mtu ataniuliza, mbona Rais wa nchi hufuta wajumbe wa bodi za mashirika ya umma? Sheria ya Mashirika ya Umma, kifungu cha 7(3), imempa uwezo huo pale anapoona bodi imeshindwa kutimiza kazi zake kwa maslahi ya taifa. Ni Bunge lililompa. Rais wa chama cha wafuga kuku hana sheria kama hiyo mfukoni.

Na hata mwenye uwezo hafanyi apendavyo. Mwaka 1958 kamati ya polisi ya Brighton, Uingereza, ilimfukuza mkuu wa polisi, Charles Ridge, bila kumpa kwanza nafasi ya kujitetea ipasavyo. Kamati ilikuwa na mamlaka ya kisheria ya kumfukuza. Mwaka 1963 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, likasema uamuzi ule ni batili.

Huku kwetu ugomvi huanzia kwenye simu. Rais anamtoa mhazini kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku; kukicha anatangaza nafasi iko wazi. Jamani, kutolewa kwenye grupu si kutolewa bodini! Mhazini yule bado ana haki ya kuitwa kikaoni, na mkikaa bila kumwita, hata maamuzi yasiyomhusu yanaweza kupingwa. Kisha mnakwenda benki kubadilisha waweka saini. Benki haitaridhika na cheo cha aliyeandika barua. Itataka kumbukumbu za kikao zilizotiwa saini, zenye azimio lenyewe. Hapo ndipo watu huanza kutafuta saini za wajumbe ambao hawakuwapo, na huko ni kughushi. Mlianza na ugomvi wa chama, sasa mna kesi ya jinai.

Njia halali ipo. Rais aitishe kikao, tuhuma ziandikwe, akidi itimie, na kama mlalamikaji ni yeye, ampishe mwingine aongoze ajenda hiyo. Ikiwa ni bodi iliyompa mhazini cheo hicho, kwa kawaida bodi inaweza kumvua. Kiti chake bodini kinabaki mpaka wenye kumchagua waamue.

Zipo pia katiba zinazomruhusu rais kumsimamisha mwanabodi. Kusimamisha ni kwa muda, kwa hiyo tazameni kama muda wenyewe umeandikwa. Usipoandikwa, mtu atakaa nje miaka miwili bila kura hata moja kupigwa. Mliokuja na katiba zenu, zileteni hapa mbele tuzisome kifungu kwa kifungu.