Daftari la Kibo: maneno kwa vijana wa Moshi kuhusu kujiamini

(Mhadhara uliotolewa Moshi, Jumamosi jioni, mbele ya vijana na wazazi wao. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata ninyi ambao hamjaamkia.

Walioniita waliniambia nije kuzungumza juu ya kujiamini na nguvu ya ndani. Nikawauliza, kwani mchungaji hakupatikana? Wakasema hapana, safari hii tunataka mtu wa mlima. Basi mmempata. Nilianza kupanda mlima huu wa Kilimanjaro mwaka 1988 nikiwa mgumu, yaani mpagazi, mzigo kichwani, na nimestaafu nikiwa kiongozi wa wageni. Neno la Kizungu la kazi hiyo silitumii. Mswahili akilitamka kwa haraka linakuwa "gaidi", na mama yangu mzazi hakulizoea mpaka anaingia kaburini.

Nianze na aibu yangu, maana mtu akianza na sifa zake hamtamsikiliza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msaidizi, bado sijawa mkuu wa msafara. Njia ni ya Marangu: unalala Mandara, unalala Horombo, halafu unavuka ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Kati ya wageni kulikuwa na mama mmoja wa makamo. Pale Horombo hakugusa chakula, akasema kichwa kinamuuma. Hilo si ajabu, pale ni kama mita 3,700 na vichwa vya wengi huuma. Lakini kesho yake, tukiwa katikati ya uwanda, nikaitazama miguu yake. Alikuwa anakanyaga kama mtu anayetoka kilabuni, mbege imemkolea. Mguu unakwenda pembeni, anaurudisha, unakwenda tena.

Nikamtazama mkuu wangu. Mkuu alikuwa mbele anapiga mluzi. Nikajiambia, kama ingekuwa hatari, yeye angeshaona. Ana miaka ishirini hapa, mimi nina miaka mingapi?

Saa sita usiku tukaondoka kambi ya Kibo, ya mwisho kabla ya kilele. Baridi mnaijua kwa kusimuliwa, sitaieleza. Karibu na kucha, chini kidogo ya Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, yule mama akakaa juu ya jiwe akaanza kuzungumza na watu ambao hawakuwepo. Alikuwa anamwita mtoto wake aje kula.

Hapo hakuna mjadala. Ubongo unapoanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, dawa ya kwanza ni kushuka, na kushuka sasa hivi, usiku huohuo. Tulimbeba kwa zamu, tukikimbia kwenye kokoto. Mungu ni mwema, alipona. Tulipofika Horombo alikuwa anatuuliza miwani yake iko wapi, na sisi tulikuwa tunalia kwa furaha kwa sababu ya swali la miwani.

Jioni mkuu akaniita nyuma ya jiko. "Wewe ulikuwa nyuma yake. Hukuona?" Nikasema, niliona. "Mbona hukusema?"

Nilikosa la kumjibu. Ilinichukua miezi kulipata jibu, nalo ni hili: niliona, lakini sikumwamini aliyeona.

Nataka mshike hapo. Sikuwa mwoga. Nilikuwa nabeba mizigo kwenye barafu, mwoga habebi. Wala sikuwa mtu wa kunyamaza, hapa Majengo wananijua kwa mdomo. Mtu anaweza kuwa na sauti kubwa, kifua mbele, picha nzuri kwenye simu, na bado asiamini macho yake mwenyewe. Wapo wengi. Wengine wanachaguliwa masomo, wengine wanachaguliwa mchumba, na ndani kabisa kuna kasauti kanasema huyu hapana, na wao wanakaambia nyamaza, wakubwa hawajasema kitu.

Sasa tuiangalie lugha yetu kidogo, maana ina akili kuliko sisi. Kuamini, imani, mwaminifu, amana: maneno yote haya yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Amana ni kile unachomwachia mtu akutunzie. Nakuuliza wewe binti pale mbele, ukiwa na laki tatu, utamwachia nani? (Binti akajibu: "Mama.") Kwa nini mama? ("Kwa sababu hajawahi kuzila.") Mnasikia? Hakusema kwa sababu mama ana maneno mazuri, wala kwa sababu mama anajiambia kila asubuhi kwenye kioo kwamba yeye ni hodari. Amesema hajawahi kuzila. Ana kumbukumbu.

Sasa wewe mwenyewe, nafsi yako, ukiipa amana inakurudishia? Ulijiambia utaamka saa kumi na moja usome. Uliamka? Ulijiambia hiyo elfu tano ni ya nauli ya Jumatatu. Jumatatu ilikuwepo? Kama nafsi yako imekula amana mara mia, usishangae unapotaka kuitegemea siku ya usaili moyo unakuambia, huyu? Huyu namjua! Moyo hauna kosa. Unasoma rekodi.

Wanaokuja kutuhamasisha siku hizi, na tiketi wanauza, wanasema simama mbele ya kioo useme mimi naweza. Sina ugomvi nao. Ila ukienda kwenye VICOBA ya mke wangu pale Pasua ukasema mimi naweza, watakupisha upite. Pale kila wiki unaweka hisa. Mkopo wako unaangalia hisa zako. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayekopeshwa kwa sababu ya sauti yake. Na nimeona mama anayeuza ndizi Mbuyuni, hajui kusema mbele za watu, anapewa mkopo mkubwa kuliko mwalimu mstaafu, kwa sababu kwa miaka miwili hakukosa Jumatano hata moja.

Basi nirudi kwenye ile aibu. Nilinunua kaunta buku pale karibu na stendi. Kila jioni mlimani, wenzangu wakicheza karata, mimi nilikuwa naandika kwa tochi: mgeni wa kofia nyekundu, kala nusu sahani, anacheka, nadhani atafika kileleni. Mgeni mrefu, anapumua vibaya akiwa amekaa, nadhani ataishia Kibo. Kesho na keshokutwa narudi kwenye ukurasa naweka alama: nilipatia, nilikosea. Hakuna aliyejua. Walidhani naandika barua kwa mchumba.

Baada ya misimu miwili hivi, daftari likaanza kunisomea mimi mwenyewe. Kuhusu miguu inayoyumba, nilikuwa karibu kila mara niko sahihi. Kuhusu vijana wenye misuli, nilikuwa nakosea sana: nawapa kilele, wao wanakimbia siku ya kwanza, siku ya tatu wanatapika. Na kuhusu wazee ndiyo kabisa. Kila mzee wa miaka sitini na kitu nilimwandikia hatafika. Wazee wakawa wanakwenda pole pole, wanakunywa maji yao, wanafika, wanapiga picha mita 5,895 na mimi naona haya na daftari langu.

Kwa hiyo siku nilipokuja kusema kwa sauti, "Mkuu, huyu anashuka leo," sikusema kwa sababu nilikuwa nimejipiga kifua. Nilisema kwa sababu nilijua kwenye jambo hili macho yangu hayajawahi kunila. Na kwenye jambo la wazee nilijifunza kunyamaza. Hii ya pili nayo ni kujiamini, ingawa haionekani. Mtu asiyejua anakosea wapi hajiamini, anabahatisha.

Baadaye nilikuja kusimuliwa na mgeni mmoja, mwalimu wa chuo, kwamba msomi aitwaye Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Marekani, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1977. Alisema imani ya mtu kwamba ataweza kitu inatoka sehemu nne: kukifanya ukaona umeweza, kumwona mwenzio anayefanana nawe akiweza, kutiwa moyo na watu, na hali ya mwili wako mwenyewe, mapigo ya moyo, hofu, uchovu. Na iliyo na nguvu kuliko zote ni ile ya kwanza. Nikamwambia, mwalimu, hilo wagumu tunalijua, ila sisi hatukuandika kitabu. Akaniuliza, na lile daftari? Nikanyamaza.

Sasa kuna jambo gumu hapa, na sitalipita haraka. Utafanyaje kama rekodi yako ni mbaya tayari?

Mimi nilikuwa nakunywa. Tunashuka mlima, tunapewa tipu, na kabla ya kufika nyumbani tipu imeishia hapa mjini. Nilijiahidi nitaacha. Nikajiahidi tena. Nadhani nilijiahidi kila msafara kwa miaka minne. Kila ahadi niliyovunja ilinifanya mtu ambaye hata mimi mwenyewe siwezi kumkopesha.

Babu yangu alikuwa anajua jambo moja la Kichaga. Ukimkosea mtu sana, hata hataki kuona uso wako, unachuma isale, lile jani la ua wetu, unampelekea. Ukiletewa isale si rahisi kukataa msamaha. Lakini isale haisemi hukukosa. Inasema nimekosa, naomba tuanze tena. Siku moja nilikaa kihambani kwetu, nikalitazama lile ua, nikafikiri: mtu niliyemkosea kuliko wote simpelekei isale hata siku moja. Namtukana tu. Mpumbavu wewe, mlevi wewe, huna maana.

Basi nikaanza kwa kidogo sana, kwa sababu mkosaji haombi mkopo mkubwa siku anayorudi. Sikusema naacha pombe. Nilisema, tipu ya leo, elfu kumi zinafika nyumbani. Kumi tu. Nyingine fanyeni mnavyotaka. Zikafika. Msafara uliofuata, ishirini. Mke wangu alidhani nimeokoka. Pombe yenyewe niliiacha baada ya mwaka na nusu, na wala sikumbuki siku, maana haikuwa siku.

Neno la mwisho kuhusu mlima, halafu maswali. Hans Meyer, yule Mjerumani mnayesoma habari zake, alishindwa mwaka 1887. Mwaka 1888 hata mlima hakufika, alikamatwa katika vita vya Abushiri. Mwaka 1889 akaja na Ludwig Purtscheller. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, barafu imewachosha, muda umekwisha, wakageuka. Hebu fikirini. Miaka mitatu, kilele kiko pale, unageuka. Tarehe 6 wakarudi, wakafika. Waliweza kurudi kwa sababu walikuwa na kambi juu, na watu walikuwa wanawapandishia chakula kutoka Marangu. Nguvu ya ndani ya Meyer nusu yake ilikuwa ndizi za Mangi Marealle, mtawala wa Marangu. Msione haya kupandishiwa ndizi.

(Maswali. Binti mmoja akasimama: "Shikamoo mzee. Wewe unasifu kugeuka. Mbona John Stephen Akhwari hakugeuka, na taifa zima linamsifu?")

Marahaba mwanangu. Swali hilo ni zuri kuliko mhadhara. Akhwari wa Mbulu, marathoni ya Olimpiki, mwaka 1968, Mexico City. Ule mji uko mita 2,240 hivi, ni juu ya geti la Marangu na chini ya Mandara, kwa hiyo misuli kumkaza si ajabu. Akaanguka, goti likaumia, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Lakini angalia: kilichoumia kilikuwa goti, na lilikuwa goti lake. Alijua anacholipa. Yule mama wangu wa Kibo hakuwa na akili ya kujua analipa nini, na mimi niliyekuwa na akili nilinyamaza. Ukiwa unalipa kwa goti lako, amua mwenyewe. Ukiwa unalipa kwa ubongo, au kwa mtu aliye nyuma yako, geuka.

("Na daftari bado unalo?" aliuliza mzazi mmoja kutoka nyuma.)

Ninalo. Sasa naandika mengine, mlima nimeachia vijana. Jana usiku niliandika: kesho nitaongea dakika thelathini, watu watakuja arobaini, na mwanzoni mikono itatetemeka. Naomba mtu anihesabie. ("Sitini na mbili!") Saa je? ("Dakika hamsini na tano!") Haya, mawili nimekosea. Mikono nilipatia.