Jinsi ya kutamka "ughaibuni", na neno lenyewe limetokana na nini

Haya wadau, leo neno ni moja tu, ughaibuni. Ushalikuta gazetini, "Watanzania waishio ughaibuni", ukalisoma fasta ugaibuni ukapita zako. Usijali, hata mi nilikuwa hivohivo.

Kwanza achana na neno, tuanze na koo. Sema kheri. Sasa ibakize ile kh peke yake, khhhh, usiikate. Weka vidole viwili hapa kooni, unaona hapatetemeki kitu? Hapohapo, ulimi usiuhamishe, tia sauti mpaka vidole visikie mtetemo. Hiyo ndo gh. Ni kama unasukutua maji, ila maji yenyewe usiweke, mi nilijaribu na maji kweli nikalowesha shati lote. Waliopita madrasa hapa wanatucheka tu, kwenye Kiarabu hii ina herufi yake kabisa, ghaini. Ikigoma anza na ghali, ghorofa, lugha, halafu urudi.

Sasa kata vipande: u, gha, i, bu, ni. Hiyo a na i usizibane zikawa ghe, kila moja ina zamu yake, na mkazo uweke kwenye bu.

Maana sasa. Kamusi weka pembeni kwanza, tulivue nguo. Toa u ya mbele na ni ya nyuma, kama unavyofanya kwa Uarabuni ukabaki na Arabu. Hapa unabaki na ghaibu, na hilo ushalisikia, mtoto anasoma sura nzima kwa ghaibu, msahafu umefungwa, yaani anachokisoma hakipo mbele ya macho. Na ghiba je? Mzizi uleule, unamsengenya mtu akiwa hayupo. Kwa hiyo ughaibuni ni kule ambako ukienda, huku huonekani.

Ndo maana mi silichanganyi na ng'ambo. Ng'ambo ni upande wa pili tu, hata Unguja mjini ipo Ng'ambo, unavuka barabara umefika na hakuna anayekutafuta. Ila ughaibuni ni neno la waliobaki nyumbani, sasa jamaa yuko zake Minnesota anakwambia "mi niko ughaibuni", yaani kajiandika mwenyewe kwamba hayupo, hapo huwa nacheka sana.

Haya twende wote, polepole, u-gha-i-BU-ni. Ukikohoa kunywa maji, tunarudia.