Jua Ndani ya Kaburi: Mhadhara juu ya Bonde la Boyne

Mabibi na mabwana,

Mto Boyne, mashariki mwa Ayalandi, ukikaribia mji wa Drogheda hujipinda kama upinde, na juu ya miinuko ya pindo hilo watu wasiojua bado kufua chuma wala shaba walijenga makaburi makubwa matatu: Newgrange, Knowth na Dowth. Newgrange lilijengwa yapata mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza, na ujia wake wa mawe, wenye urefu wa mita 19, huishia katika chumba ambamo mifupa ya wafu ililazwa.

Wenyeji wa bonde walikuwa wakisimulia kwamba jua huingia humo. Profesa Michael J. O'Kelly, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1962, alidhani wanachanganya na habari za Stonehenge, lile duara la kale la mawe huko Uingereza linalohusishwa na jua, hadi alipofukua tundu juu ya mlango. Tarehe 21 Desemba 1967, wakati wa siku fupi kuliko zote za mwaka, alisimama peke yake chumbani gizani. Mwale mwembamba ulipita tunduni, ukatambaa sakafuni hadi mwisho wa chumba, ukapanuka na kuangaza kuta hata paa, kisha baada ya dakika 17 ukakatika.

Dowth nalo lina kisa chake, kilichoandikwa katika zama za kati. Mfalme Bressal alitaka kilima kifike mbinguni kwa kazi ya siku moja, basi dada yake akalisimamisha jua kwa uganga. Mfalme akalala na dada yake, uganga ukavunjika, giza likaanguka, na wajenzi wakaacha kazi. Jina Dowth lenyewe hufungamanishwa na giza hilo. Mwaka 2020 wachunguzi wa vinasaba walitangaza kwamba mwanamume mmoja aliyezikwa Newgrange alizaliwa na ndugu wawili wa damu, au na mzazi na mwanawe. Hilo halithibitishi kisa kilichoandikwa miaka elfu nne baadaye. Lakini mimi, baada ya yaliyomkuta O'Kelly, sithubutu tena kukiita porojo.

Jioni ya siku ileile fupi, jua linapotua, miale yake huingia katika chumba cha kusini cha Dowth.