Jumamosi za Dudley Wood

Haya, asanteni, asanteni sana, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo manake hii maiki inakata kata. Shikamooni wazee. Nilivyoombwa kuongea leo nikaambiwa nichague habari yoyote ya hapa tunapoishi, ya hawa majirani zetu, basi mimi nimechagua habari ya mbio za pikipiki zilizokuwa zinafanyika Dudley Wood, nusu saa tu kwa gari kutoka hapa Birmingham, na najua wengi wenu hamjawahi kuisikia maana uwanja wenyewe ulifungwa 1995 na sasa ni nyumba za watu.

Mimi nimeijua kwa mzee mmoja niliyefanya naye kazi ghalani miaka sita, shifti ya usiku. Mzee mkimya huyo, lakini ukimtajia Cradley, timu ya pale Dudley Wood, basi hiyo shifti itaisha hujaona saa. Na leo nimekuja na kitu chake hapa kwenye bahasha, ntawaonyesha baadaye.

Kwanza niwaeleze mchezo wenyewe. Unaitwa spidwei. Madereva wanne wanapanga mstari, kuna kamba imefungwa mbele yao, kamba ikiruka juu wanaondoka, mizunguko minne, kwa kawaida dakika moja na kitu imeisha. Pikipiki ni ya cc 500, inakunywa methanoli, ina gia moja na haina breki. Narudia, HAINA BREKI. Kwenye kona dereva anaitupa pikipiki kwa ubavu, tairi la nyuma linateleza linachota ile changarawe laini, yeye kaburuza mguu wa kushoto chini, na kiatu cha mguu huo kimevishwa chuma ili kiteleze, wote wanne pamoja wanaingia kona moja wamebanana, viwiko vinagusana. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Wawili ni wa timu ya nyumbani, wawili wageni, na mnajumlisha mpaka mwisho wa usiku.

Sasa hiyo kujumlisha ndo ilikuwa kazi ya shabiki. Ukiingia getini unanunua kijitabu cha ratiba, unakuwa na kalamu, kila mbio ikiisha unaandika mwenyewe matokeo kwenye viboksi. Mzee anasema alifundishwa hesabu na baba yake pale, kabla hajaanza hata shule, yaani mtoto wa miaka minne mitano anajua tatu na moja ni nne, na kama wageni wamepata mbili tu basi tumewazidi mbili. Halafu kuna harufu. Yale mafuta ya injini yakiungua yana harufu tamu hivi, nzito, na kila shabiki niliyeongea naye, KILA mmoja, anaanza na harufu kabla hajataja dereva wala kombe. Na vumbi, ukisimama kwenye kona unarudi nyumbani changarawe imejaa kwenye nywele na kwenye chipsi ulizonunua, na hakuna aliyekuwa anahama kona yake. Familia ina sehemu yake, unajua ukifika saa moja utawakuta kina fulani pale pale walipokuwa Jumamosi iliyopita na miaka kumi iliyopita.

Na muelewe hapo palikuwa mahali pa namna gani. Cradley Heath ilikuwa mji wa kufua minyororo. Mwaka 1910 akina mama wafua minyororo waligoma pale wakiongozwa na Mary Macarthur mpaka wakapata mshahara wao, na pale Netherton jirani kabisa ndo ilifuliwa nanga kubwa ya Titanic, ikavutwa na farasi 20 kwenda stesheni. Watu wa chuma hao, wa moto na nyundo. Kwa hiyo uwanja ulipofunguliwa 1947, vita imeisha juzi, watu hawana pa kwenda jioni, mnadhani nini kilitokea? Walijaa. Mbio zilisimama miaka ya 50, zikarudi 1960, na timu iliitwa Heathens, mashabiki nao wakajiita hivyo hivyo.

Lakini utamu wenyewe ni miaka ya 80. Hapa mnivumilie kidogo maana hapa ndo mzee alikuwa anaweka chini kikombe cha chai. Mwaka 1978 alikuja kijana kutoka California anaitwa Bruce Penhall, nywele zake za dhahabu, anatabasamu kama mcheza sinema, kaja kuishi kwenye mvua na moshi wa viwanda. Mwaka 1981 akawa bingwa wa dunia Wembley, mbele ya watu zaidi ya elfu 90, na kuna mbio moja usiku ule alimpita mpinzani wake Ole Olsen kwenye mstari wa mwisho kabisa, tofauti ya tairi. Mwaka huo huo Cradley wakachukua ubingwa wa ligi. Mwaka uliofuata akashinda tena, Los Angeles kwao, na pale pale kwenye jukwaa la washindi akatangaza anaacha, anakwenda kuigiza kwenye televisheni. Mzee alisema walilia. Watu wazima, mafundi chuma, walilia kwa kijana wa Kimarekani.

Ila timu haikufa, mwaka 1983 wakachukua ligi tena bila yeye, manake alikuwepo Erik Gundersen, Mdenmaki, mfupi mpole, bingwa wa dunia 1984, 1985 na 1988. Halafu Jan O. Pedersen naye 1991. Hebu fikirieni, mtaa ule mdogo, timu moja, inawalea mabingwa wa dunia mmoja baada ya mwingine, na mtoto wa shule anaweza kwenda nyuma kule wanakotengeneza pikipiki baada ya mbio akasainiwa kijitabu chake na bingwa wa dunia mwenye grisi mikononi. Sisi tuliokua tunaangalia wachezaji kwenye luninga ya jirani hatuwezi kuelewa vizuri hilo.

Ya ajali ya Bradford ntaisema kwa kifupi. Septemba 1989, fainali ya dunia ya timu, mbio ya kwanza kona ya kwanza, madereva wote wanne wakaanguka na Gundersen akaumia vibaya shingo na kichwa. Walidhani anakufa. Hakufa, akajifunza kutembea upya, lakini kupanda pikipiki ya mashindano ndo ikawa basi. Mzee alisema Jumamosi iliyofuata uwanjani watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya msibani.

Sasa swali ambalo mimi lilinisumbua, timu yenye historia hii inakufaje? Wengi mtadhani mashabiki waliisha, au walianza kufungwa kila wiki. Hapana. Timu haikuwa na ardhi yake. Uwanja ulikuwa na mwenyewe, mwenyewe akauza, zikajengwa nyumba, na makombe yote yale hayakuwa na neno la kusema kwenye karatasi za mauzo. Sisi hili tunalijua jamani, kile kiwanja cha mtaa ulichochezea chandimu unarudi likizo unakuta kimeota ghorofa na geti. Mwaka 1996 timu ikaenda kukimbilia Stoke, kwenye uwanja wa watu, msimu mmoja, ikazimika. Na mwaka huo huo Billy Hamill, kijana wao, akawa bingwa wa dunia! Roho inauma, yaani bingwa wa dunia yuko na timu ambayo haina kwao.

Na mimi nakasirika kabisa nikiona hii haikuwa bahati mbaya ya mji mmoja. Uwanja wa Hyde Road wa Manchester uliuzwa 1987. Coventry walipoteza uwanja wao wa Brandon 2016. Mashabiki wa Cradley walichangishana miaka mingi wakairudisha timu 2010, ligi ya chini, lakini bila uwanja, ikabidi wapange kwa Wolverhampton, uwanja wa Monmore Green, mahasimu wao wakubwa ambao walikuwa wanazomeana tangu enzi za babu. Walikwenda hivyo hivyo, wakavaa skafu zao, wakashangilia kwenye nyumba ya hasimu. Na Monmore nayo mbio zikafungwa 2023. Mzee aliponiambia hiyo hakucheka, alisema hata Wolves, hao wa Wolverhampton, hawakustahili.

Nilimpeleka siku moja Dudley Wood kwa gari langu. Hakushuka. Alifungua dirisha tu, akaniambia endesha polepole, akawa ananionyesha, hapa geti, hapa walikuwa wanauza chai, hapa kona ya pili alikokuwa anasimama baba, na kwenye kona ya pili kulikuwa na mama anaanika nguo akatupungia mkono.

Haya, kitu chenyewe ni hiki. Kijitabu cha mwaka 1983, kaniazima mpaka kesho, naomba mkishike kwa pembeni karatasi ni laini. Muone viboksi, tatu, mbili, moja, kaandika kwa penseli, mwandiko wa mwanzoni ni wa baba yake na huku chini ni wake. Kuanzia mbio ya tisa hapasomeki, mvua ilinyesha. Kianzie huku kwa mama halafu kizunguke mpaka nyuma kule.